Fahali Wakipatana, Nyasi Hupona?



Katika mkutano wetu wa familia wa mwezi uliopita hapa Olaya, baada ya pilau kuliwa na chai ya tangawizi kuanza kuzungushwa, kijana mmoja wa darasa la saba aliinua mkono akauliza swali lililowanyamazisha watu wazima wote waliokuwapo. Alikuwa amesoma kwamba Kenya, nchi ya wazazi wake, ilipewa na Marekani mwaka 2024 cheo cha mshirika mkubwa asiye mwanachama wa NATO, na kwamba mwezi Novemba 2025 Saudi Arabia, nchi aliyozaliwa, nayo ikatangazwa kuwa mshirika wa cheo hicho hicho. "Wazee wangu," akauliza, "ina maana sisi sasa tunalindwa mara mbili?"

Wengine walicheka. Mama mmoja wa Tanga akauliza kwa utani kwamba wao ambao nchi yao haina cheo hicho watajificha kwa jirani yupi. Lakini mzee mmoja, aliyefika Riyadh tangu miaka ya themanini, hakucheka. Alisema: "Mwanangu, swali lako ni zuri, ila kwanza uliza aliyeahidiwa ulinzi ni nani. Ni serikali, au ni wewe?" Kikao kikatuagiza sisi wa jarida tulijibu swali hilo kwa maandishi, na makala hii ndiyo jibu letu.

Waswahili husema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo tunaijua sote. Lisilosemwa sana ni hali ya nyasi pale fahali wanapopatana na kulala pamoja katika malisho yale yale. Sisi tulio ugenini, wenye pasipoti ya nchi moja na iqama ya nchi nyingine, ndio hasa wa kulichunguza jambo hilo, kwa sababu urafiki wa wakubwa huweza kutupa kazi leo na kutufungisha virago kesho. Basi na tuanze mbali kidogo.

Nguo iliyobeba jina la nchi

Bibi zetu waliijua merikani kabla ya kuijua Marekani. Ile nguo nyeupe ya pamba, ngumu na isiyotiwa rangi, iliyovaliwa pwani na kubebwa na wapagazi hadi bara, ilipata jina lake kutokana na nchi iliyoifuma. Nayo haikufika kwa bahati. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na mjumbe wa Marekani, mfanyabiashara Edmund Roberts. Ushuru wa bidhaa za Wamarekani uliwekwa kuwa asilimia 5. Mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, aliwasili Unguja kutoka Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York, ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Ndovu, sandarusi na karafuu zilikwenda upande ule, na merikani ikaja upande huu.

Huo ulikuwa urafiki wa kweli na wenye faida, wala hatuna sababu ya kuubeza. Lakini ulikuwa na somo ndani yake. Kuanzia mwaka 1861 hadi 1865 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ikaadimika viwandani, na merikani ikapungua katika soko la Unguja. Nguo za Kiingereza na za Kihindi zikajaza pengo. Wafanyabiashara wa pwani hawakuwa na ugomvi wowote na Marekani, wala Marekani haikuwa na ugomvi nao. Kilichotokea ni kwamba mambo ya nyumbani kwa rafiki mkubwa yalikuwa yamechafuka, na mbali kabisa, ng'ambo ya bahari, duka likakosa mzigo. Tulishike somo hilo, kwani litarudi.

Barua ya wiki moja

Wenzetu wa Jeddah huenda wanapita karibu na kasri la Khuzam pasipo kukumbuka kilichofanyika pale. Ni hapo, mwezi Mei 1933, ambapo serikali ya Mfalme Abdulaziz ilitia saini mkataba wa kuiruhusu kampuni ya Kimarekani kutafuta mafuta. Walichimba kwa miaka kadhaa bila kupata cha maana, mpaka kisima namba 7 cha Dammam kilipotoa mafuta mengi mwezi Machi 1938. Tangu siku ile nchi hizi mbili hazikuweza tena kupuuzana.

Tarehe 14 Februari 1945 Mfalme Abdulaziz na Rais Franklin Roosevelt walikutana juu ya manowari iliyoitwa Quincy, katika Ziwa Chungu Kubwa kwenye Mfereji wa Suez. Mfalme alikuwa amesafiri kutoka Jeddah katika meli nyingine ya kivita ya Kimarekani, akiwa na hema lililosimikwa juu ya sitaha na kondoo wa kuchinjwa njiani. Roosevelt alikuwa mlemavu wa miguu na mfalme naye alisumbuliwa na miguu yenye majeraha ya zamani, kwa hiyo rais alimzawadia mfalme kiti chake kimoja cha magurudumu. Wazee wawili waliochoka walipendana. Walizungumza pia habari ya Palestina, na tarehe 5 Aprili 1945 Roosevelt alimwandikia mfalme barua akimhakikishia kwamba hatachukua hatua yoyote ya uadui dhidi ya Waarabu.

Tarehe 12 Aprili, yaani baada ya siku 7 tu, Roosevelt alifariki dunia. Mwezi Mei 1948 mrithi wake, Harry Truman, aliitambua dola ya Israeli dakika chache tu baada ya kutangazwa. Hatuelezi hayo ili kuchochea chuki, bali ili kijana wetu aone tofauti iliyopo kati ya ahadi ya mtu na ahadi ya dola. Mtu huahidi kwa moyo wake, lakini dola huhesabu upya kila anapoingia mwenye hesabu mpya. Urafiki wa Riyadh na Washington haukuvunjika kwa hilo, kwa kuwa mafuta yalikuwapo na hofu ya Urusi ya Kisovieti ilikuwapo. Hata mwaka 1973, Waarabu walipoinyima Marekani mafuta kwa sababu ya vita vya Oktoba, mgomo huo ulikwisha mwezi Machi 1974 na biashara ikaendelea kuliko awali.

Walioshindwa kusimama upesi ni wengine. Bei ya pipa la mafuta ilipanda takriban mara 4 katika miezi michache, na nchi zetu za Afrika Mashariki, zisizo na kisima wala ugomvi, zililipa bei ile ile. Wazee wa Tanzania wanakumbuka enzi za kukatazwa kuendesha magari ya binafsi Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Fahali waligombana miezi 5, nyasi zikanyauka kwa miaka.

Bondia aliyetumwa kazi ya ubalozi

Mwishoni mwa mwaka 1979 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Tarehe 23 Januari 1980 Rais Jimmy Carter alitangaza kwamba taifa lolote la nje litakalojaribu kuitawala Ghuba litazuiwa na Marekani kwa kila njia, hata kwa nguvu za kijeshi. Ahadi ya namna hiyo yahitaji viwanja vya ndege na bandari. Ndipo katika mwaka huo huo Marekani ikapatana na Oman, Kenya na Somalia ili majeshi yake yaruhusiwe kutumia vituo vyao. Masirah, Mombasa na Berbera, majina ambayo manahodha wa majahazi waliyafahamu kwa karne nyingi, yakaandikwa katika ramani moja ya kijeshi. Mabaharia wa Kimarekani wakawa wageni wa kawaida katika mitaa ya Mombasa.

Mwezi Februari 1980 Carter alimtuma bondia Muhammad Ali azishawishi nchi za Afrika zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Alianzia Dar es Salaam. Waandishi wa habari wakamuuliza jambo ambalo hakuwa ameandaliwa kulijibu: Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu, mbona Marekani haikuiunga mkono? Ali alikiri hadharani kwamba huenda alikuwa anatumiwa vibaya. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Nairobi alipokewa na Rais Moi, na Kenya ikasusia. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha.

Nani alikuwa na haki? Kila nchi ilikuwa na hesabu zake. Kenya ilipata misaada na silaha, Tanzania ikapata medali na heshima ya kutofungamana na upande wowote. Tunachotaka kijana wetu akione ni kwamba wanariadha wa Kenya waliojinoa kwa miaka 4 hawakuulizwa. Walisoma uamuzi gazetini kama watu wengine.

Kura ya Yemen

Sasa tumefika mahali ambapo historia inaacha kuwa ya viongozi na kuwa ya watu kama sisi.

Tarehe 2 Agosti 1990 Irak iliivamia Kuwait. Tarehe 6 Agosti Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Dick Cheney, alionana na Mfalme Fahd mjini Jeddah, na kuanzia tarehe 7 Agosti majeshi ya Marekani yakaanza kuja. Hatimaye askari wao walizidi nusu milioni. Wenzetu waliokuwapo Riyadh mwezi Januari na Februari 1991 husimulia makombora ya Scud, madirisha yaliyobandikwa utepe, na watoto waliolazwa katika chumba cha ndani.

Lakini lipo kundi jingine lililoonja vita kabla risasi haijalia. Mwaka ule Yemen ilikuwa nchi pekee ya Kiarabu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na serikali yake haikukubali vita dhidi ya Irak. Hadi wakati huo Wayemeni waliishi Saudi Arabia kwa upendeleo ambao wageni wengine hawakuwa nao: hawakuhitaji kafili. Walikuwa waashi, madereva na wenye bakala katika kila mtaa. Mwezi Septemba 1990 upendeleo huo uliondolewa. Waliambiwa watafute kafili katika muda mfupi au waondoke. Mamia ya maelfu waliondoka. Makadirio ya kawaida hufikia watu 800,000. Waliuza duka kwa bei ya kutupa, wakapakia magodoro juu ya magari, wakavuka mpaka kuingia nchi ambayo wengi wa watoto wao hawakuwahi kuiona.

Tarehe 29 Novemba 1990 Baraza la Usalama lilipiga kura ya kuruhusu nguvu dhidi ya Irak. Nchi 12 zilikubali, China ikajizuia, na mbili zikakataa: Cuba na Yemen. Mara tu baada ya kura hiyo mwakilishi wa Yemen aliambiwa na mwanadiplomasia wa Kimarekani kwamba hiyo itakuwa kura ya ghali kuliko zote alizowahi kupiga. Msaada wa Marekani kwa Yemen ukakatwa.

Hatuandiki haya kuilaumu nchi inayotupa riziki. Nchi iliyo hatarini hutazama ni nani yuko pamoja nayo na ni nani hayuko, na ndivyo zifanyavyo nchi zote. Lakini fikiri, ewe msomaji: yule muuza bakala wa Batha alikosa nini? Hakuwa New York. Hakuinua mkono. Aliyepiga kura ni mmoja, waliofunga virago ni maelfu kwa maelfu. Mhamiaji hubebeshwa mzigo wa bendera yake pasipo kuulizwa, na wala hatujui ni lini bendera yetu itatakiwa kupiga kura.

Ijumaa ya miaka minane

Tarehe 13 Novemba 1995, kabla ya adhuhuri, bomu lililotegwa ndani ya gari lililipuka hapa Riyadh katika jengo ambamo Wamarekani walikuwa wakisaidia kulifunza Jeshi la Ulinzi wa Taifa. Watu 7 waliuawa. Wamarekani walikuwa 5. Wawili walikuwa Wahindi, watu waliotoka kwao kama sisi kutafuta riziki. Mwezi Juni 1996 mlipuko mwingine uliua wanajeshi 19 wa Marekani huko Khobar.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Saa za Riyadh na saa za Nairobi ni zile zile, kwa hiyo wale kati yetu waliokuwapo wanakumbuka barabara walikuwa wakifanya nini saa nne na nusu ya asubuhi ile zilipopita dakika chache. Ilikuwa siku ya mapumziko. Kina baba walikuwa wakijitayarisha kwa sala ya Ijumaa, kina mama walikuwa jikoni. Habari zilipoanza kusikika redioni, vibanda vya simu vilijaa, na simu za Nairobi hazikupatikana. Wapo waliosimama kwenye foleni hadi usiku, wakipiga namba ile ile.

Nairobi waliuawa watu 213, na maelfu walijeruhiwa. Jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, liliporomoka lote. Dar es Salaam, katika ubalozi uliokuwa Oysterbay, waliuawa watu 11. Katika wote hao 224, Wamarekani walikuwa 12, wote wakiwa Nairobi. Waliobaki ni watu wetu: makarani, walinzi, wanafunzi, abiria wa mabasi waliokuwa wakipita, watu waliokimbilia dirishani kutazama kishindo cha kwanza, na kishindo cha pili kikawatoa macho.

Tarehe hiyo haikuwa ya bahati nasibu. Ilikuwa miaka 8 kamili tangu majeshi ya Marekani yaanze kuingia Saudi Arabia. Wauaji wa kundi la al-Qaida walidai kwamba wanapinga kuwapo kwa majeshi hayo katika ardhi hii, kisha wakaenda kuua Waafrika barabarani, miongoni mwao Waislamu na Wakristo pamoja, katika miji miwili isiyokuwa na uamuzi wowote juu ya jambo hilo. Hakuna dini wala hoja ya siasa inayoweza kulisafisha tendo lile. Lakini uzi unaoliunganisha na mkutano wa Jeddah wa Agosti 1990 upo wazi, na sisi tunaoishi kwenye ncha moja ya uzi huo huku ndugu zetu wakiishi kwenye ncha nyingine hatuwezi kujifanya hatuuoni.

Wenzetu wa Jeddah wana siku yao pia. Tarehe 6 Desemba 2004 ubalozi mdogo wa Marekani mjini humo ulishambuliwa. Waliuawa wafanyakazi 5 wa ubalozi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Mmarekani. Wote walikuwa watu wa mataifa mengine, walioajiriwa pale.

Na fidia je? Mwaka 2020 Sudan, iliyokuwa imeshutumiwa kuwahifadhi wauaji zamani, ilikubali kulipa dola milioni 335 ili iondolewe katika orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Fedha hizo zilikuwa za Wamarekani na za waliokuwa wafanyakazi wa balozi. Wakenya wengi waliojeruhiwa mitaani, ambao hawakuwa raia wala waajiriwa wa Marekani, wamelalamika tangu hapo kwamba wameachwa nje ya mlango. Bustani ya kumbukumbu pale Nairobi, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, ina majina ya waliouawa. Hundi haikuwa na majina ya hao wa mitaani.

Cheo chenyewe ni nini?

Sasa tumjibu kijana wetu. Cheo cha mshirika mkubwa asiye mwanachama wa NATO kilianzishwa kwa sheria ya Marekani mwaka 1987. Nchi iliyopewa hupata nafasi nzuri zaidi ya kununua silaha, kupewa vifaa vya kijeshi vilivyozidi, na kushiriki katika utafiti na mafunzo. Jambo moja hakina: hakiilazimishi Marekani kuja kupigana nchi hiyo ikishambuliwa. Wanachama wa NATO, ambao tangu mwaka 2024 ni nchi 32, wana kifungu cha namna hiyo. Mshirika asiye mwanachama hana.

Kenya ilipewa rasmi cheo hicho tarehe 24 Juni 2024, ya kwanza kusini mwa Sahara. Usiku huo huo kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilipanda ndege kwenda Haiti, kazi iliyoungwa mkono na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Marekani. Kesho yake, tarehe 25 Juni, vijana walioandamana kupinga kodi waliingia ndani ya bunge mjini Nairobi, na baadhi yao wakapigwa risasi. Cheo kilipatikana Jumatatu, na Jumanne hakikuwa na la kumwambia mama aliyepoteza mwanawe.

Hata katika Ghuba mambo yamekuwa hivyo. Mwezi Septemba 2019 mitambo ya mafuta ya Abqaiq ilishambuliwa, na Marekani haikujibu kwa mapigo, ingawa ilirudisha askari ambao ilikuwa imewaondoa nchini mwaka 2003. Mwezi Machi 2023 Saudi Arabia na Iran zilipatana, na aliyewaketisha meza moja alikuwa China. Mwezi Mei 2025 Rais Trump alifika Riyadh kwa ahadi za biashara za mabilioni ya dola. Tarehe 9 Septemba 2025 Israeli iliishambulia Doha, mji mkuu wa Qatar, nchi yenye cheo kile kile tangu 2022 na yenye kituo kikubwa cha ndege za kivita za Marekani. Siku 8 baadaye, hapa hapa Riyadh, Saudi Arabia ikatia saini mkataba wa ulinzi na Pakistan. Halafu mwezi Novemba ikakubali cheo cha Marekani. Hapo ndipo penye hekima ya kujifunza: mwenye nyumba hakumtupa rafiki wa zamani, bali ameongeza milango.

Nchi zetu nazo zilipata fundisho mwaka 2025. Tarehe 20 Januari, siku aliyoapishwa, Trump alisimamisha misaada ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika la misaada la USAID halikuwapo tena kama chombo kinachojitegemea. Kliniki za Kenya, Uganda na Tanzania zilizokuwa zikitegemea fedha hizo kwa dawa za UKIMWI, chini ya mpango ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003 na uliookoa maisha ya watu wengi sana, zikapata mtikisiko, wafanyakazi wakaachishwa kazi. Hapakuwa na ugomvi. Mambo ya nyumbani kwa rafiki yalikuwa yamebadilika. Msomaji atakumbuka merikani.

Wajibu wetu

Hatusemi kwamba urafiki wa Marekani ni mbaya. Tusiwe watu wa kukana fadhila. Dawa zilikuwa dawa, na shule zilikuwa shule. Hata ripoti ambayo Marekani huitoa kila mwaka kuhusu biashara haramu ya binadamu, inayozipanga nchi kwa madaraja, imewahi kuiweka Saudi Arabia daraja la chini kabisa. Na pale nchi zilipotaka kupanda daraja, mfanyakazi wa ndani aliyenyang'anywa pasipoti alipata mtu wa kumsemea. Nyasi nazo hupata umande. Tusemalo ni kwamba tusijenge nyumba juu ya umande.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache. Kila familia ijiandikishe katika ubalozi wake hapa Riyadh, na nakala za pasipoti, iqama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vyeti vya shule ziwekwe pia kwa mtu wa kuaminika nyumbani. Kila mwenye kipato ajenge kitu nyumbani, hata kama ni chumba kimoja, ili asije akarudi kama mgeni. Mwaka 1990 Myemeni aliyekuwa na paa kwao na yule asiyekuwa nalo waliondoka njia moja, lakini hawakufika mahali pamoja. Tena tusisambaze uvumi wa vita katika simu zetu, maana uvumi huwatisha watoto wetu na huwaponza wazazi wao. Na tusiwahukumu jirani zetu kwa bendera zao. Anayekaa nyumba ya pili, awe Myemeni, Msudani, Mhindi au Mpakistani, hakupiga kura yoyote.

Jambo la mwisho ni la kujenga. Mkutano wetu wa kila mwezi, mfuko wetu wa maziko, orodha ya namba za simu iliyobandikwa jikoni, kina mama wanaochukua watoto wa jirani pale mzazi anapolazwa hospitali: hayo hayakuandikwa katika mkataba wowote, wala hayakutiwa saini melini. Ijumaa ile ya mwaka 1998 waliosimama pamoja kwenye foleni ya simu hawakuulizana kabila wala dini. Aliyepata laini aliuliza habari za ndugu za wenzake pia, kisha akatoka kibandani akiwatangazia wote.

Basi, mwanetu, jibu letu ni hili. Hulindwi mara mbili. Serikali mbili zimeahidiwa vifaa na rafiki mmoja, naye ana mambo yake nyumbani. Wewe ulinzi wako wa kwanza ni hao uliokula nao pilau siku ile. Lakini endelea kuuliza. Mkutano ujao utakuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya Alasiri, na wenzetu wa Jeddah watakaokuwa Riyadh siku hiyo wanakaribishwa. Anayekumbuka mwaka 1990 au 1998 akiwa hapa aje asimulie, ili vijana wayaandike kabla wazee hawajaondoka nayo.